Mzigo, Shingo na Pumzi

Mwajua namna mama zetu wa milima ya Butembo na Beni wanavyobeba mzigo. Hawauweki juu ya kichwa kama watu wa pwani. Mzigo hulala mgongoni, mkanda hupita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta. Kuni, makaa, mihogo, ndizi: vyote hupandishwa hivyo mpaka Butembo, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Akifika sokoni, mama hutua, hushika shingo kwa mikono miwili, ndipo apate pumzi.

Je, shingo na pumzi zina udugu gani? Mtu akitulia, kazi kubwa ya kuvuta hewa ni ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Akichoka au akiugua, misuli ya shingo huinua kidari na mbavu za juu ili kusaidia. Tena mshipa wa fahamu unaokiamuru kiwambo hutoka shingoni. Basi yule mbeba mzigo, misuli yake imekwisha kushikwa na mkanda, na bado mapafu yanaiita.

Aliyejenga uganga mzima juu ya mambo ya namna hii ni Andrew Taylor Still, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliua watoto watatu wa nyumbani mwake, na dawa za siku zile hazikuwafaa kitu. Tangu hapo hakuziamini tena. Mwaka 1874 alitangaza njia yake, ambayo baadaye aliiita osteopatia: kutafuta kwa vidole mahali palipokaza, na kupalegeza. Mwaka 1892 alifungua shule huko Kirksville, Missouri. Katika mafua makubwa ya 1918 wafuasi wake walisema wagonjwa wao walikufa wachache kuliko wa waganga wengine. Hesabu hiyo waliikusanya wenyewe, mimi siitegemei.

Ubelgiji, uliotawala Kongo mpaka 1960, uliitaja osteopatia katika sheria mwaka 1999. Majaribio juu ya shingo na pumzi yamefanywa kwa watu wachache, na majibu yake hayalingani. Kukanda polepole hupunguza maumivu kwa wengine. Kuzungusha shingo kwa nguvu kuna hatari: mshipa wa damu uendao ubongoni waweza kuchanika. Na mwenye kukohoa wiki mbili asipelekwe kwa mkandaji. Apelekwe hospitali apimwe kifua kikuu.

Palikuwa na wakati mikono yenyewe iliogopwa. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na Beni na Butembo ziliumia sana. Watu waliacha hata kupeana mikono. Nani angetoa shingo yake ikandwe?

Mizigo haikungoja. Chukudu, ile baiskeli ya mti, imewaondolea wanaume wengi mzigo mgongoni, lakini inataka barabara. Vijia vya kutoka mashambani bado hupandwa kwa mkanda.