Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Mcheza Ugenini Je?

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unapungua.)

MTANGAZAJI: Kama uko barazani kwa jirani, au unachochea moto wa jioni na redio iko pembeni, ongeza sauti kidogo.

Kila sikukuu inapokaribia, iwe Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, kuna swali linalorudi kambini. Kijana ameazima spika, anataka kupiga muziki. Mama ameweka akiba, anataka kupika wali na kuku angalau siku moja. Kisha mzee mmoja anauliza: "Mnacheza nini, na kwetu watu wanakufa?" Watu wote wananyamaza.

Mzee huyo hana chuki. Amezika watu, na wengine hakupata hata nafasi ya kuwazika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, anayecheza ugenini? Ana haki ya kucheza? Na akicheza, anapata nini? Leo tutawauliza waliotutangulia. Tutaanzia mahali ambapo wengi hamkutegemea: kambi ya wakimbizi wa Kizungu chini ya Mlima Meru.

(Kengele ya kanisa, mbali.)

Mwezi Septemba mwaka 1939, nchi ya Polandi ilishambuliwa kutoka pande mbili. Ujerumani iliingia kutoka magharibi, Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, familia nyingi za mashariki mwa Polandi zilitolewa majumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Huko walikata miti kwenye theluji. Njaa na homa viliwaua wengi.

Mwaka 1941 Ujerumani ikaigeuka Sovieti, na Wapolandi wakaruhusiwa kuondoka. Wanaume waliojiweza waliingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee walipitia Iran, na kutoka huko wengine wakapandishwa meli kuja Afrika. Karibu watu 20,000 walipokelewa mashariki na kusini mwa Afrika. Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Tanganyika walikaa Kidugala, Ifunda, Kondoa, Morogoro, na hasa Tengeru, karibu na Arusha. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000.

Walikaa kwenye nyumba ndogo za mviringo. Walijenga kanisa, shule na hospitali, wakalima mashamba. Na walifanya sikukuu.

Sikukuu kubwa ya Wapolandi ni mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, wanaouita Wigilia. Mchana kutwa hawali nyama. Jioni watoto hutazama angani, na nyota ya kwanza ikionekana, chakula kinaanza. Kabla ya kula wanamegeana mkate mwembamba sana, unaofanana na hostia, na kila mmoja anamtakia mwenzake heri na kumwomba msamaha. Na mezani panaachwa nafasi moja tupu, na sahani yake. Hiyo ni ya mgeni asiyetarajiwa. Wengi husema pia ni ya yule asiyekuwepo.

Sasa fikiria, msikilizaji. Kwao Desemba ni theluji na giza la mapema. Tengeru ni migomba, joto na vyura wanaolia. Baba yuko vitani, au amebaki kaburini Siberia. Ile sahani tupu, ambayo zamani ilikuwa desturi tu, sasa kila mtu pale mezani anajua ni ya nani.

Jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hilo. Watu wale hawakusherehekea kwa sababu wamesahau. Waliwatengea waliopotea nafasi ndani ya sikukuu yenyewe, kisha wakala, wakaimba. Mtoto aliyekulia Tengeru alijifunza kwenye meza ile jina la babu yake, lugha ya mama yake na nyimbo za kijiji ambacho hakukikumbuka.

Wapolandi walikuwa na mazoea hayo. Nchi yao iligawanywa na majirani, na kuanzia mwaka 1795 hadi mwaka 1918 haikuwepo kwenye ramani. Kwa miaka yote hiyo 123, taifa lao liliishi ndani ya lugha, sala na sikukuu.

Tusipambe historia, hata hivyo. Walikuwa Wazungu katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, na walipewa nafasi ambazo Mwafrika wa wakati ule hakupewa. Na vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa Sovieti. Wengine walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Wachache walibaki. Ukifika Tengeru leo utaona makaburi yao yanatunzwa. Kule Nyabyeya, karibu na Masindi, kanisa walilojenga bado limesimama, na Waganda wanasali ndani yake.

(Gitaa la rumba linaingia, linakaa kidogo, linapungua.)

Lakini sikukuu ya Wapolandi ilikuwa ya ndani, yao wenyewe. Kuna njia nyingine, ya kutoka nje usiku na kucheza pamoja na wenyeji. Hapo tunahamia Dar es Salaam, miaka ya 1970.

Jiji lile lilipenda dansi tangu zamani. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Kisha wakaja wanamuziki kutoka Zaire, nchi tunayoiita leo Kongo. Wengi wao hawakuwa wakimbizi kwa maana ya karatasi. Walikuwa watu wanaotafuta riziki, wamevuka mpaka na gitaa mkononi. Lakini ugeni waliujua: kutafuta chumba, kuchekwa kwa matamshi ya Kiswahili, kuhangaikia kibali cha kazi.

Orchestra Maquis ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuja kujulikana sana kwenye ukumbi wa White House, Ubungo. Mtindo wao uliitwa Kamanyola. Wasikilizaji wetu wa Uvira na Bukavu mmetabasamu, maana mnaijua Kamanyola: ni mji wa Kivu Kusini, kwenye njia ya bonde la Ruzizi. Watu wa Dar es Salaam walioingia ukumbini Jumamosi usiku wakavuja jasho hadi usiku wa manane, wengi hawakuwahi kufika huko. Lakini walilitamka jina lile kwa furaha, wakalicheza kwa miguu yao.

Mwaka 1978 akaja mwingine, Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu. Alijiunga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili, na aliimba mambo ya watu wa chini: umaskini, kifo, dharau ya wenye nacho. Ukimwi ulipoingia, aliimba wazi kwamba watu wajikinge kwa kondomu, wakati wengi waliona haya kulitamka neno hilo. Watu walimwita Dokta. Alifariki Desemba 2010, na hadi leo Dar es Salaam kuna mahali pa kushukia abiria, Sinza, panapoitwa Kwa Remmy. Mgeni aliyefika na wimbo tu ameacha jina kwenye mdomo wa kila kondakta.

Jibu la pili ni hilo. Wenyeji wanaweza kukusikia kwanza kama tatizo: idadi, mgao, kuni, ardhi. Wakikusikia kwenye ngoma, wanakusikia kama mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na hapa pia tusipambe. Usiku una mambo yake. Kuna pombe inayomaliza pesa ya watoto, kuna ugomvi, kuna msichana anayerudi peke yake gizani. Ngoma njema ina watu wazima wanaoiangalia, ina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na inaheshimu sheria za kambi na jirani mwenye mgonjwa ndani.

(Ngoma za mikono. Makofi.)

Labda utasema: "Hao walikuwa mjini, walikuwa huru. Sisi tuko kambini." Basi twende Malawi, kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Mahali hapo palikuwa gereza, tena gereza lililoogopwa katika utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi. Wanaishi humo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili utakisikia kila kona. Kwa kawaida sera ya Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini.

Mwaka 2014 mkimbizi mmoja kutoka Kongo, mshairi na mwanamuziki Menes La Plume, alianzisha tamasha ndani ya kambi hiyo. Akaliita Tumaini. Wazo lake lilikuwa jepesi: kama sisi haturuhusiwi kwenda kwao, wao waje kwetu. Na walikuja. Mwaka baada ya mwaka, maelfu ya watu wamekusanyika hapo. Wasanii wa Malawi hupanda jukwaa moja na wasanii wa kambini, na ngoma za Burundi hupigwa. Wageni wengine hulala kwenye nyumba za wakimbizi wenyewe, na akina mama wanaopika huuza chakula. Kwa siku hizo chache mkimbizi ndiye mwenyeji. Yeye ndiye anayesema: "Karibu, kaa, kula."

(Muziki wa kipindi unarudi, chini.)

Basi turudi kwa mzee wetu. Ameuliza mnacheza nini na kwetu watu wanakufa. Historia inatusaidia kumjibu kwa heshima: "Mzee wetu, tunacheza na wao tukiwakumbuka. Tuonyeshe ilivyochezwa kwetu, maana ukiondoka bila kutufundisha, hata hilo litakuwa limekufa." Kisha mpeni kiti cha mbele.

Na kama sikukuu hii una msiba na huwezi kucheza, usilazimishwe. Kaa pembeni na sahani yako. Hata kunyamaza kwako kuna nafasi mezani.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Ni desturi gani ya sikukuu ya kwenu ambayo watoto waliozaliwa kambini hawaijui? Nani bado anaweza kuwafundisha?

2. Katika sikukuu ijayo, mtawakumbukaje wasiokuwepo bila kuizima furaha ya watoto?

3. Ni wenyeji gani wa karibu mnaoweza kuwaalika, na mtahakikishaje kila mtu, hasa wasichana, anarudi nyumbani salama?

Ndugu msikilizaji, jadilianeni, na tukutane tena kipindi kijacho. Usiku mwema.

(Muziki unapanda, kisha unakwisha.)