Kanda si Mkoa

Mwaka 1984 vyama viwili vya Marekani, kimoja cha wanajiografia na kingine cha walimu wa somo hilo, vilitoa mwongozo uliopanga jiografia katika mada tano: mahali kitu kilipo, sura ya mahali hapo, uhusiano wa binadamu na mazingira, mwendo, na kanda.

Nne za kwanza zinaeleweka upesi ukisimama Nakuru, nchini Kenya. Jiji liko kusini kidogo mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Hapo ndipo lilipo. Sura yake ni mlima Menengai na kreta yake pana upande wa kaskazini, ziwa la magadi upande wa kusini, na nyumba zilizobanwa katikati. Mwendo ni reli iliyofika mwaka 1900, na leo malori ya viazi kutoka Molo. Uhusiano wa watu na mazingira uko ziwani. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, yakafunika lango kuu la mbuga ya wanyama ya hapo na kuhamisha familia za jirani. Chumvi ilipopungua, mwani unaoliwa na heroe ulipungua pia, na wengi wa ndege hao wakaruka kwenda Ziwa Bogoria.

Ya tano ndiyo inayohitaji uangalifu. Ni rahisi kuiita "mkoa", na mimi naamini hilo linapotosha. Mkoa huchorwa na serikali, na serikali inaweza kuufuta. Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake makuu yalikuwa Nakuru, ulianzia Turkana hadi Kajiado. Ndani yake mlikuwa na Eldoret na Kericho, miji iliyo juu ya nyanda za magharibi, nje kabisa ya bonde lenyewe. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na mkoa ukaondoka. Bonde halikusogea hata hatua moja.

Kanda ni sehemu ya ardhi inayounganishwa na jambo fulani, na mwanajiografia ndiye anayechagua jambo hilo. Akichagua umbo la ardhi, atafuata kingo za ufa, na mstari wake utavuka mpaka wa Tanzania hadi Ziwa Natron bila kuuliza pasipoti. Akichagua aina ya maji, atayaweka pamoja Nakuru, Elementaita na Bogoria, maziwa matatu ya magadi yaliyoingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, na kuyaacha nje Naivasha na Baringo yenye maji baridi, ingawa yamo katika bonde lilelile. Akichagua soko, kanda itakuwa Njoro, Rongai, Bahati na Subukia, kokote ambako mkulima akiamka alfajiri huelekeza mzigo wake Nakuru. Hii ya mwisho naiita kanda ya mvuto, kwa kuwa mji ndio unaoishikilia.

Ipo pia kanda iliyo vichwani mwa watu. Mzee wa Eldoret bado husema anatoka "Rift", na siasa za Kenya bado hupiga hesabu za kura kwa jina hilo. Hiyo nayo ni kanda halali, mradi ramani itaje kwamba imechorwa kwa mazoea ya watu, wala si kwa kingo za mawe.