Kabla ya bao la Ndola kulikuwa na bao la Dar

Kila Agosti, au kila Taifa Stars inapopangiwa Zambia, jina la kwanza kutajwa vijiweni ni Peter Tino. Kijana aliyezaliwa miaka 20 baada ya mechi hukusimulia bao la Ndola kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya goli. Muulize nani alifunga Dar es Salaam wiki mbili kabla, atakukodolea macho.

Ilikuwa 1979. Kilichogombewa ni tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria, enzi zile zikichezwa na timu 8 tu, si 24 kama sasa. Mtoano: nyumbani na ugenini, anayetolewa ametolewa.

Zambia, wakiitwa KK Eleven kwa heshima ya Rais Kenneth Kaunda, walikuwa wakubwa. Mwaka 1974 walifika fainali, na Zaire ilihitaji kurudiana nao ndipo itwae kombe. Nyuma yao kulikuwa na shaba: klabu kama Mufulira Wanderers zilibebwa na migodi. Tanzania haikuwa imefuzu hata mara moja. Tena nchi ilikuwa imetoka vitani na Uganda. Kampala ilianguka Aprili mwaka uleule, na nyumbani watu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Tanzania na Zambia ni nchi ndugu, zimeunganishwa na reli ya TAZARA, lakini undugu huo uliishia kwenye mstari wa chaki.

Mechi ya kwanza, Uwanja wa Taifa ambao leo ni Uhuru, Stars ilishinda 1-0. Mfungaji ni Mohamed Rishard ‘Adolf’. Ulikuwa mtaji mdogo, na wengi waliona utaliwa wote Ndola.

Marudiano yalipigwa Uwanja wa Dag Hammarskjöld, uliopewa jina la katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na mji huo mwaka 1961. Tanzania Bara hapakuwa na televisheni. Watu walizunguka redio za mbao, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya 90. Zambia wakapata bao, na mtaji wa Dar ukawa umeliwa. Golini alikuwa Juma Pondamali ‘Mensah’, mbele yake mabeki akina Leodegar Tenga na Jella Mtagwa. Dakika za mwisho Tino akasawazisha. 1-1, jumla 2-1, Stars ikafuzu.

Ugomvi ambao haujaisha ni wa benchi. Wapo wanaosema kazi ile ni ya Mpolandi Slawomir Wolk, na wapo wanaoapa ni ya mzalendo Joel Bendera, aliyekuja kuwa naibu waziri. Kila upande una wazee wake, na kila upande humsahau Adolf. Bila bao lake, Zambia walipofunga Ndola Stars ingekuwa nyuma, na Tino angekuwa anafukuzia roho, si anamalizia kazi.

Huko Nigeria Stars ilifungwa 3-1 na wenyeji, 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Ivory Coast. Kisha kimya cha miaka 39, hadi 2019.

Januari 2024, mjini San Pedro, Ivory Coast, Zambia walirudisha deni: Simon Msuva alitangulia kufunga, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Juni mwaka huohuo Stars ikashinda 1-0 palepale Ndola, bao la Waziri Junior.

Uwanja wa Dag Hammarskjöld ulishabomolewa. Uhuru bado upo, na watu hupita nje yake kila siku wakienda Uwanja wa Mkapa. Kibao chenye jina la Adolf ukutani pale hakihitaji bajeti ya wizara. Kinahitaji fundi mmoja, rangi na brashi.