Unyanyapaa: Istilahi Inayomtaja Mtenda

Unyanyapaa ni mwenendo wa kumwepuka, kumdharau au kumtenga mtu kwa sababu ya ugonjwa au hali aliyonayo. Nomino hii imetokana na kitenzi nyanyapaa, yaani kumwonea mtu kinyaa, na ndiyo inayotumika katika maandishi ya afya kutafsiri stigma. Kwa Wayunani wa kale, stigma ilikuwa alama iliyotiwa kwenye ngozi ya mtumwa au mhalifu: ilikaa mwilini mwa anayetengwa. Unyanyapaa ni tendo la anayetenga. Istilahi yetu inatuonyesha pa kuanzia.

Kitenzi hicho kina watoto. Mwenye virusi vya UKIMWI (VVU), kwa mfano, hunyanyapaliwa na watu. Akiyaamini maneno yao hata akajiona hafai, anajinyanyapaa. Jirani wa unyanyapaa ni ubaguzi, yaani kumnyima mtu haki kama kazi, chumba cha kupanga au matibabu. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza yote mawili.

Anayeogopa kunyanyapaliwa huchelewa kupima. Akishaanza dawa, huipita kliniki ya karibu akaenda ya mbali ili majirani wasimwone, na huvitoa vidonge kwenye kopo visije vikalia mkobani. Siku akikosa nauli, dozi inakatika, virusi vinazaliana, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa.

Hofu ya kuambukizwa, inayozaa unyanyapaa huu, haina msingi. VVU haviambukizwi kwa kupeana mkono, kula sahani moja wala kutumia choo kimoja. Tena, anayemeza dawa za kufubaza virusi (ARV) ipasavyo na virusi vyake vikabaki vichache kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Lugha nayo ina sehemu yake. “Amekanyaga waya” ni kauli ya kumcheka mtu. “Mwathirika” humfanya aonekane ameshakwisha. “Mtu anayeishi na VVU”, au WAVIU kwa wingi, humtaja mtu kwanza, kisha hali yake.

Basi anayetaka kupunguza unyanyapaa asianze kwa kumhimiza mgonjwa ajikaze. Aanze na mhudumu anayetangaza siri ya mgonjwa barazani, mwajiri anayedai majibu ya kipimo, na ndugu anayemtengea mwenzake kikombe. Hao ndio wanaonyanyapaa, na hao ndio wanaopaswa kubadilika.