Tuzo ya Waliosubiri Matokeo: Historia ya Renaudot na Riwaya za Maziwa Makuu

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi anayefundisha Mamboleo, nje kidogo ya kitovu cha mji wa Kisumu, anaweza kudhani kwamba tuzo ya riwaya inayotolewa jijini Paris haimhusu. Dhana hiyo ina kasoro. Tuzo ya Renaudot, mojawapo ya tuzo kongwe za riwaya nchini Ufaransa, ilitolewa mwaka 2012 na tena mwaka 2024 kwa riwaya zinazosimulia habari za Rwanda. Mito mingi ya Rwanda hukusanyika na kuwa mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa lilelile tunaloliona tukiteremka Dunga. Mwaka 1994 mto huo ulileta ziwani miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari, na wengi wao walizikwa katika ufuo wa Uganda, kwa mfano Kasensero. Kwa hivyo riwaya hizo zinahusu jirani zetu wa maji.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa ufupi historia ya tuzo hiyo, kuonyesha jinsi waandishi wa eneo la Maziwa Makuu walivyoipata, kisha kuilinganisha na tuzo zetu. Swali linalotuongoza ni hili: je, ni nani hasa anayeamua kwamba riwaya fulani ni bora, na mtahiniwa wetu ana nafasi gani katika uamuzi huo?

Asili ya Tuzo

Ili kuielewa Renaudot ni lazima tuanze na Goncourt. Edmond de Goncourt, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1896, aliacha wosia kwamba mali yake itumiwe kuanzisha chama cha waandishi kumi watakaotuza kazi bora ya nathari kila mwaka. Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 1903. Tangu mwaka 1914 waamuzi hao wamekuwa wakikutania katika mkahawa wa Drouant, Paris, na kutangaza jina la mshindi huko wakati wa chakula cha mchana.

Wanahabari nao walilazimika kungoja. Mwaka 1926 baadhi yao, waandishi wa magazeti na wahakiki kumi, waliona ni afadhali nao wajadili vitabu badala ya kukaa bure wakisubiri habari. Wakaunda jopo lao na kuliita kwa jina la Théophraste Renaudot, daktari aliyeanzisha gazeti la kwanza la Ufaransa mwaka 1631. Hivyo tuzo hii ilizaliwa kwa watu ambao hawakuwa na kura. Hadi leo hutangazwa siku moja na Goncourt, katika mkahawa uleule, punde tu baada ya Goncourt.

Jambo moja ni muhimu kwa mtahiniwa kulifahamu. Mshindi wa Goncourt hupewa hundi ya yuro 10, na mshindi wa Renaudot hapewi hata senti moja. Thamani ya tuzo hizi i katika wasomaji. Kitabu kilichotuzwa huwekwa mbele katika maduka, huchapishwa upya mara nyingi na hutafsiriwa katika lugha nyingine. Tuzo, kwa maana hiyo, ni mlango: anayefunguliwa huingia ukumbini akiwa na hadhira inayomsubiri.

Makosa na Masahihisho

Kwa vile Renaudot hutolewa mara tu baada ya Goncourt, imekuwa pia kama rufani. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1932. Wengi walitarajia Louis-Ferdinand Céline apate Goncourt kwa riwaya yake Voyage au bout de la nuit. Goncourt ikampa Guy Mazeline, nao waamuzi wa Renaudot wakampa Céline. Leo riwaya ya Céline inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za karne ya ishirini, ilhali ni wachache wanaomkumbuka Mazeline.

Hata hivyo, tusiifanye Renaudot kuwa malaika. Mwaka 1968 ilimtuza Yambo Ouologuem, kijana wa Mali, kwa riwaya yake Le Devoir de violence. Magazeti yalimsifu mno. Miaka michache baadaye alishutumiwa kwamba alinakili sehemu za kazi za waandishi wengine, akiwemo Mwingereza Graham Greene. Kitabu kikaondolewa madukani, naye Ouologuem akarudi Mali na kujitenga na ulimwengu wa uandishi hadi alipofariki mwaka 2017. Wale waliompandisha hawakumshika mkono alipoanguka. Suala lake lilifufuliwa na Msenegali Mohamed Mbougar Sarr, ambaye riwaya yake La plus secrète mémoire des hommes, iliyochochewa na maisha ya Ouologuem, ilishinda Goncourt mwaka 2021. Sarr alikuwa mwandishi wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuipata tuzo hiyo.

Vilevile jopo lenyewe limewahi kulaumiwa kwa urafiki na upendeleo. Wajumbe huchaguana wenyewe na huweza kukaa miaka mingi. Mwaka 2020, malalamiko yalipozidi, mjumbe mmoja alijiuzulu akitaka nafasi yake ipewe mwanamke, kwani wakati huo jopo lilikuwa na mwanamke mmoja pekee. Funzo ni kwamba waamuzi ni binadamu wenye itikadi, marafiki na maslahi, na uamuzi wao unastahili kuhakikiwa kama vile kazi yenyewe inavyohakikiwa.

Riwaya za Maziwa Makuu

Scholastique Mukasonga alizaliwa Rwanda mwaka 1956. Akiwa mtoto, familia yake, pamoja na Watutsi wengine, ilihamishwa kwa nguvu hadi Nyamata. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walipofukuzwa shuleni alikimbilia Burundi, na hatimaye akaenda kuishi Ufaransa. Wengi wa jamaa zake waliuawa mwaka 1994. Riwaya yake Notre-Dame du Nil haikuwa hata katika orodha ya mwisho ya Renaudot mwaka 2012, lakini waamuzi waliirudisha na kuipa ushindi.

Mandhari ya riwaya hiyo yatamvutia mwalimu yeyote: ni shule ya bweni ya wasichana, juu milimani, karibu na mahali panapodaiwa kuwa chanzo cha mto Nile, katika miaka ya sabini. Wasichana wa Kitutsi wanaruhusiwa kuingia kwa idadi ndogo iliyowekwa na serikali. Kuna sanamu ya Bikira Maria, na mmoja wa wanafunzi, Gloriosa, binti wa mwanasiasa, anadai kwamba pua ya sanamu hiyo ni ya Kitutsi, hivyo sharti ivunjwe na kutengenezwa upya. Kichekesho hiki cha wanafunzi kinazaa uongo, na uongo unazaa damu. Mtunzi hakuhitaji kusimulia mwaka 1994. Amesawiri mbegu yake bwenini, katika mizaha na minong'ono. Mwalimu anayetafuta mfano wa mandhari yanayobeba maudhui, au wa ishara inayokua pamoja na msuko, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya pua hiyo.

Wa pili ni Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake akiwa Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Vita vilipozuka Burundi alipelekwa Ufaransa mwaka 1995, akawa mwanamuziki kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya. Kazi yake ya kwanza, Petit Pays (2016), inamfuata mvulana Gabriel jijini Bujumbura, mji ambao Kiswahili kina wenyewe, hasa katika mtaa wa Buyenzi. Ya pili, Jacaranda, inasimulia vizazi vinne vya Wanyarwanda na ukimya uliotanda kati ya wazazi na watoto wao. Mwaka 2024 Jacaranda iliingia fainali ya Goncourt ikashindwa na riwaya ya Kamel Daoud, mzaliwa wa Algeria. Siku hiyohiyo Renaudot ikaichukua. Desturi ya mwaka 1932 ilikuwa bado hai.

Wanafunzi Wanapokuwa Majaji

Petit Pays ina historia nyingine inayotuhusu zaidi sisi walimu. Mwaka 2016 ilishinda Goncourt ya wanafunzi wa shule za upili. Tuzo hiyo ilianzishwa mwaka 1988 kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu ya Ufaransa na kampuni ya Fnac inayouza vitabu. Kila mwaka wanafunzi wapatao 2,000 husoma riwaya zilizoteuliwa na waamuzi wa Goncourt, yapata kumi na mbili au zaidi, kwa muda wa takriban miezi miwili. Kila darasa hujadili, hupiga kura na kumtuma mjumbe kwenda kuitetea riwaya yao mbele ya wajumbe wa madarasa mengine. Mara nyingi uamuzi wa vijana hutofautiana na wa wazee. Mwaka 2000 Ahmadou Kourouma wa Ivory Coast alipata Renaudot kwa riwaya Allah n'est pas obligé, inayohusu askari mtoto, na vijana nao wakamchagua yeye.

Kwetu Je?

Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilianza kutolewa mwaka 1974. Miongoni mwa waliotuzwa mwaka huo ni Abdilatif Abdalla kwa diwani yake Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo aliyatunga gerezani, alikofungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi? kilichoikosoa serikali ya Kenyatta. Alikuwa mfuasi wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga, chama ambacho ufuo huu wa Nyanza unakikumbuka vyema. Kilipigwa marufuku Oktoba 1969, siku chache baada ya watu kupigwa risasi na kuuawa Kisumu. Basi tuzo yenye jina la rais ilimwendea mshairi aliyefungwa na serikali ya rais huyo. Hapa waamuzi walionyesha kwamba jopo linaweza kusimama upande wa kazi, hata kazi hiyo ikiwa inawachoma wakubwa.

Mwaka 1995 tuzo hiyo ilimwendea Margaret Ogola kwa The River and the Source, riwaya ya vizazi vya wanawake inayoanzia katika jamii ya Waluo wa eneo hili la ziwa. Ilikuja kuwa kitabu teule cha Kiingereza na kusomwa na maelfu ya watahiniwa. Kwa upande wa Kiswahili, tuzo iliyojulikana kwanza kama Mabati-Cornell ilianza kutolewa mwaka 2015, na Anna Manyanza wa Tanzania akashinda kwa riwaya Penzi la Damu.

Hata hivyo, tukisema kweli, nchini Kenya mlango mkubwa wa riwaya ya Kiswahili haujawa tuzo. Umekuwa uteuzi wa vitabu vya kutahiniwa. Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri na Nguu za Jadi zimejulikana kila kijiji kwa njia hiyo. Uteuzi huu umefanya kazi kubwa, lakini una upungufu mmoja: mtahiniwa hupewa kitabu kikiwa kimekwisha kuamuliwa kuwa ni bora. Huulizwa athibitishe ufaafu wa anwani, aeleze sifa za mhusika, afafanue mbinu za lugha. Huulizwa mara chache mno iwapo mbinu hizo zimefaulu. Anamaliza kidato cha nne akiwa hodari wa kutetea hukumu za wengine, ilhali hajawahi kutoa yake.

Hitimisho

Historia ya Renaudot inatufundisha kwamba uhakiki hauna kikao kimoja. Waliokaa nje wakisubiri matokeo waliunda jopo lao, na mara kadhaa wakati umewaunga mkono. Mwalimu wa Mamboleo, Ahero au Bondo hahitaji fedha ili afanye hivyo. Anahitaji riwaya tatu au nne za Kiswahili, nakala chache za kupokezana, muhula mmoja, na sharti moja: kila mwanafunzi atoe kauli yake na kuithibitisha kwa matini. Darasa lipige kura. Kisha mwalimu akirudi kwenye kitabu teule atakuta wanafunzi wanaokisoma kama majaji, na hoja zao katika karatasi ya tatu zitakuwa na mashiko.

Maswali ya Mjadala

1. "Uamuzi wa jopo ni uhakiki wa kwanza, sio wa mwisho." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya mbili ulizosoma.
2. Chagua riwaya moja ambayo haijawahi kuwa kitabu teule. Itetee mbele ya darasa kwa kuzingatia msuko, usawiri wa wahusika na matumizi ya lugha.
3. Eleza udhaifu mmoja wa kisanaa katika riwaya teule unayoisoma, na uthibitishe kwa matini.