Mgwashi na Majirani Zake: Historia ya Usharika wa Bondeni

Mgwashi ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, katika milima ya Usambara Magharibi. Vijito vya upande huu hushuka hadi bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara hii na ile ya Mashariki, na maji yake huishia mto Pangani. Anayelima huku hutafuta kuwa na shamba kotekote. Mlimani ni mahindi, maharage na migomba. Bondeni, kando ya maji, ni mboga na majimbi ya kuvusha kiangazi. Ugomvi mwingi wa ardhi kati ya ndugu unahusu kile kipande cha bondeni.

Historia ya hapa haisomeki bila Bumbuli. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu, alivyopokewa na Washambaa akawa mtawala wao huko Vuga. Mwanawe Bughe alizaliwa na mwanamke wa Bumbuli, akatawala Bumbuli kwa wajomba zake, kisha akaitwa Vuga kumrithi baba. Kwa hiyo watu wa upande huu walikuwa wajomba wa ufalme, na mjomba kwa Mshambaa si mtu wa kupuuzwa.

Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, nyumba ya Wakilindi, ukoo wa Mbegha, ilipasuka. Mwanawe Semboja wa Mazinde, aliyekuwa karibu na njia ya misafara, alipata bunduki, na kilichofuata ni miaka ya vita na watu kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Kijerumani, wale waliokuja kujulikana kwa jina la Betheli, walikuta nchi ingali na majeraha hayo. Walianza Mlalo mwaka 1891, Vuga mwaka 1895, na mwaka 1896 Lutindi ikafunguliwa kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Bumbuli ikafuata mwaka 1899.

Kutoka Bumbuli injili ilisambazwa kwa miguu, na waliotembea zaidi ni walimu Washambaa. Mwalimu alipewa kijiji, akajengewa banda la miti na udongo, akafundisha kusoma asubuhi na kuongoza sala jioni. Agano Jipya la Kishambaa lilipatikana mwaka 1908, kazi ya Karl Roehl, na baadaye Vuga ikawa na kiwanda chake cha kupiga chapa. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani. Walirejea katikati ya miaka ya 1920, wakaondolewa tena katika vita ya pili, na Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Mara zote mbili, watoto waliendelea kubatizwa na wafu kuzikwa kwa sala. Kwangu mimi hapo ndipo kanisa la milimani lilipozaliwa hasa, mikononi mwa walimu na wake zao. Mwaka 1963 Kanisa la Usambara-Digo lilikuwa moja ya makanisa saba yaliyounda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Sebastian Kolowa, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki iliyotokana nalo, akaja kuwa mkuu wa kanisa zima.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, inakumbukwa kwa matuta. Katika miaka ya 1950 wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mzigo uliwaangukia wanawake zaidi, kwa kuwa jembe la chakula lilikuwa lao. Watu walikataa, TANU ikapata wasikilizaji, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Mmomonyoko wenyewe haukuwa uongo: masika yakizidi, kijito hugeuka rangi ya udongo, na udongo huo umetoka shambani kwa mtu.

Mambo ya usharika wa hapa yanaonekana vizuri zaidi Jumapili baada ya ibada, pale nje, kwenye mnada. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu, debe la maharage. Mzee wa kanisa ananadi kwa sauti, bei inapanda kwa mia mbili mbili, na mara nyingi mnunuzi anamrudishia mjane kuku wake, ili anadiwe tena. Bati na saruji vimenunuliwa hivyo. Matarumbeta, urithi wa Betheli, hupigwa na vijana wa hapa hapa, na pengine anayesimama pembeni kuwasikiliza ni binamu aliyetoka msikitini juzi Ijumaa. Koo nyingi zina Waislamu na Wakristo ndani ya nyumba moja. Kwenye msiba huchimba kaburi pamoja, na chakula hupikwa kwa namna ambayo kila mmoja atakula.

Upande wa uchumi, kiwanda cha chai cha Mponde kiliposimama mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji, majani ya wakulima wadogo yalikosa pa kusindikwa kwa miaka. Vijana wengi huondoka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Wanaorudi kuoa au kuzika wazazi huulizia vitabu vya ubatizo. Humo mna majina ya wazazi, wadhamini na vijiji, karatasi nyingine zimeshaliwa na unyevu. Vinahitaji kunakiliwa, na majina ya wale walimu wa kwanza yaandikwe pamoja navyo, maadamu wazee wangali wanayakumbuka. Vijana wa kipaimara wanaiweza kazi hiyo, na ingefaa waianze kabla ya masika.