Ikama ya Stadi

Kuna istilahi iliyokwisha kuota mizizi katika nyaraka za sekta ya afya: "mpango wa ujuzi wa nguvu kazi". Imepita kwenye kamati, imechapishwa, na sasa inanakiliwa kutoka waraka mmoja hadi mwingine bila mtu kuuliza imetoka wapi. Ni maneno sita, na hata yakisomwa kwa utulivu hayamwambii msomaji kinachopangwa ni nini. Dhana yenyewe haina utata: nchi inajiuliza stadi zipi zitahitajika katika hospitali, vituo vya afya na zahanati, za serikali na za watu binafsi, katika miaka ijayo, ni wangapi wanazo sasa, wangapi wako vyuoni, wangapi wanakaribia kustaafu, na pengo litazibwa na nani. Wanaoishughulikia wanaielewa. Kilichowashinda ni kuiita jina, na kosa hilo halikutokana na umaskini wa Kiswahili. Jina lilikuwepo tayari, limebandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri, na waliopewa kazi ya kulitafuta hawakuinua macho.

Tuanze na "nguvu kazi". Neno hili si geni na si jeupe. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ambayo wananchi waliijua kwa jina hilohilo, Nguvu Kazi, na kwa sheria hiyo watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Neno lenye kumbukumbu hiyo halifai kumtaja mkunga aliyesomea miaka mitatu jinsi ya kumwokoa mama anayevuja damu. Tena linataja nguvu, yaani msuli, ilhali kinachopangwa hapa ni kile kilichomo kichwani na mikononi mwa mtaalamu. Walioliona tatizo hilo wakakimbilia "rasilimali watu", nao hawakufika mbali. Rasilimali ni rasi ya mali, kichwa cha mali, mtaji wa mfanyabiashara. Ukimwita muuguzi mtaji umemhesabu pamoja na vitanda na jenereta, na hujasema lolote juu ya anachokijua. Nimeona neno hilo likitetewa kwa hoja moja tu, kwamba limeshazoeleka. Mazoea yanaeleza kwa nini neno linatumika, hayathibitishi kwamba linafaa.

Neno ninalolishikilia ni ikama. Kila afisa utumishi analijua: ikama ni idadi ya watumishi ambao taasisi inapaswa kuwa nao ili itimize kazi yake. Majedwali ya halmashauri yana safu tatu ambazo hata mhudumu anaweza kuzisoma: ikama, waliopo, upungufu. Shina lake ni la Kiarabu, lenye herufi za qafu, wau na mimu, na maana yake ya msingi ni kusimama na kusimamisha. Shina hilo limezaa ukoo mzima katika Kiswahili, na ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya ukoo huo imehamia katika utumishi wa umma. Mtumishi mpya akiripoti kituoni hupewa posho ya kujikimu. Mshahara wake haushuki chini ya kima cha chini. Bosi akisafiri, anayesimama mahali pake ni kaimu; mwenye cheo cha pili ni makamu. Idadi ya wagonjwa wanaohudumiwa huingia katika takwimu. Shule zetu zilifundisha sayansi kimu, yaani elimu ya kutosheleza mahitaji ya nyumba. Kukimu, kima, kaimu, makamu, takwimu, ikama: ni ndugu wa tumbo moja, na wote wanazungumzia jambo kusimama sawasawa na kutosheleza haja. Msikitini nako, adhana huwaita watu waje, na ikama huwasimamisha safuni sala ianze. Hicho ndicho kipimo ambacho mpango wa watumishi wa afya unapaswa kupimwa nacho: je, umewasimamisha watu mahali pao, au umewatangaza tu?

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba ikama huhesabu vichwa na vyeo, wakati dhana hii inahusu wanachoweza kufanya. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu siandiki "ikama" peke yake bali "ikama ya stadi". Kuhesabu vichwa kuna faida yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 iliweka kizingiti cha madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000, ikazitaja nchi 57 zenye uhaba mkubwa. Mkakati wa shirika hilo wa 2016 ukapandisha kizingiti hadi 4.45. Lakini vichwa havisemi yote. Kwa miongo mingi katika hospitali za wilaya za Tanzania, aliyemfanyia mama upasuaji wa kumtoa mtoto mara nyingi hakuwa daktari mwenye shahada. Alikuwa daktari msaidizi, aliyepanda kutoka utabibu kwa mafunzo ya ziada. Anayehesabu madaktari peke yao angeandika kwamba hospitali hizo hazina uwezo wa upasuaji, na angekosea. Kinyume chake pia hutokea: chumba cha upasuaji kina daktari, kina taa na kisu, lakini hakina mtoa dawa ya usingizi, na mgonjwa anapewa rufaa. Vyeo vimejaa, stadi haipo.

Kwa nini stadi na si ujuzi? Ujuzi umetokana na kujua, na kujua kunaweza kuishia kwenye mtihani. Stadi limetoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa kazi, likatufikia katika sura mbili, ustadhi na stadi. Fundi stadi ni yule ambaye mkono wake umeshathibitisha. Wapo wanaotaka "umahiri", neno ambalo mitaala ya shule imelivuta huku na huku mpaka limekuwa jina la kila lengo la somo. Sioni haja ya kulitwisha mzigo mwingine.

Wapinzani wangu wana hoja ya pili, nayo wanaitamka kwa uhakika usiostahili: kwamba ikama ni mali ya serikali, ina vibali na bajeti, hivyo hospitali binafsi haiwezi kuwa na ikama. Wanaosema hivi wamesahau historia ya sekta wanayoiandikia. Mwaka 1977 sheria ilizuia tiba ya binafsi ya kibiashara, na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Lakini katika miaka yote hiyo hospitali za mashirika ya dini ziliendelea kutibu, na nyingi zikafanywa hospitali teule za wilaya, zikipokea ruzuku na watumishi wanaolipwa na serikali. Katika wodi moja muuguzi wa serikali na muuguzi wa misheni hupokezana zamu. Ikama ya nani hiyo? Muuguzi akiacha kituo cha umma na kwenda kliniki ya mjini, stadi haijatoweka nchini, imehama. Mpango unaotazama upande mmoja utamwandika kama upungufu na kusomesha mwingine mahali pake, huku wilaya aliyoiacha ikibaki tupu.  Basi ikama, neno lililofinywa na ofisi za serikali, linaweza kupanuliwa na ofisi hizohizo, kwa kuwa maana yake ya asili haikumtaja mwajiri.

Wapo pia wasemao Wakenya hawalijui. Kenya, ambako watumishi wa afya wa umma walihamishiwa kaunti mwaka 2013, inahitaji neno hili kuliko sisi, maana waajiri wamezidi 40 na anayejumlisha stadi za nchi nzima lazima awe na jina la anachojumlisha. Na ugeni si kizuizi: hata takwimu lilikuwa neno geni kwa wengi.

Kuhusu matumizi: shughuli ni "upangaji wa ikama ya stadi", hati ni "ikama ya stadi ya sekta ya afya", na kasoro ni "upungufu wa stadi", ukitajwa kwa jina la stadi na wilaya, si kwa jina la cheo.